Koti la Marehemu

Kazi yako, Pazi, haikuanzia jukwaani.
Ilianzia kwetu Keko, msibani kwa baba,
ulipoingia mbio kama mtu anayedaiwa
umevaa koti lake la kaki,
lile la mfuko ulioshonwa kwa uzi mwekundu,
ukakohoa kikohozi chake cha alfajiri,
ukauliza wali umefikia wapi.
Wewe Mzaramo, sisi Wanyamwezi: utani ulikuruhusu.
Mama, siku ya pili hajala hajasema,
alicheka mpaka kanga ikamvuka kichwani.
Ulikuwa na miaka kumi na tisa.
Koti hukurudisha.

Nililiona tena Sinza, baa ya nyuma ya gereji,
kipaza sauti kimefungwa kwa mpira wa kandambili,
malipo chipsi kuku na nauli.
Ulimwigiza mwenye nyumba anayekuja kuhesabu balbu,
ukamwigiza mpangaji aliyejificha uvunguni,
simu yake ikaita.
Watu kumi na mmoja. Wanne walicheka.
Wa tano nilikuwa mimi, nikacheka kwa kuchelewa,
maana nilikuwa nalitazama koti.

Halafu Mikocheni. Runinga. Kochi la bluu.
Wakakupaka poda, wakakupa kadi za maswali,
wakasema koti linakaa vibaya kwenye kamera.
Wakasema pia: sukari usiitaje, imepanda,
na mdhamini ni mtu wa sukari.
Miaka sita ulicheka kabla wageni hawajamaliza sentensi,
ukakaribisha matangazo kwa mkono wazi
kama mtu anayefungua mlango wa nyumba isiyo yake.
Mama hakukosa Ijumaa hata moja.
"Mtani ameshiba," alisema.
"Ona, hakohoi tena."

Kipindi kilipokatwa hukupiga kelele.
Ulihamia kwenye kichumba kilichopigwa magodoro ukutani,
ukawa punda wa katuni, ukawa mbuzi, mjomba wa punda,
ukawa sabuni inayojisifu, ukawa dawa ya mbu,
na mchana mmoja, kwa glasi tatu za maji ya uvuguvugu,
ukawa kampuni ya simu.

Toka hapo mji mzima unakujua bila kukujua.
Wewe ndiye unayewaambia, saa sita za usiku,
kwamba salio lao halitoshi.
Wapenzi wamekutukana. Wadai wamekutukana.
Mimi nilikutukana Jumanne ile mama alipokata roho,
nimesimama koridoni Temeke na viatu vyake mkononi,
nikapiga namba yako mara saba
na mara saba ukapokea wewe,
mtulivu, umenyooka kama shati la pasi,
ukinieleza kwamba wewe hupatikani.

Makaburini Kinondoni tulikuwa tumeshamshusha.
Padri anatafuta ukurasa, mvua inamtafuta padri.
Ukatokea nyuma ya toroli la mchanga,
koti limekubana tumbo, vifungo viwili vimejiuzulu,
ukalinyakua beleshi, ukalikalia.
Watu wakangoja. Wengine walishatoa simu wakurekodi.
Nikaona koo lako linapanda, linashuka,
hakuna kikohozi, hakuna punda.
Kisha, kwa ile sauti ya kampuni:

"Mteja mnayempigia hapatikani kwa sasa."

Ukameza mate.

"Tafadhali..."

Ikakukatikia hapo.

Shangazi Nyanzobe ndiye aliyeanza,
kicheko chembamba cha puani,
kikapita kwa wabeba jeneza, kikawafika wanakwaya,
hata padri akajifunika mdomo kwa kitabu.
Mimi nililia na kucheka, sijui kipi kilitangulia,
nimeushika ule mfuko wa uzi mwekundu
kama mtoto anayeogopa kupotea sokoni.

Beleshi hukuliachia mpaka ulipwe.
Ulidai elfu mbili.
Mjomba akatoa elfu moja na sarafu.
Ukazihesabu mara mbili, machozi yanakudondokea kidevuni,
ukamtazama,
ukasema salio halitoshi.